Mafuta Yaliyoinua Boriti

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye dereva wa trekta la chama chetu cha wakulima hapa Mute. Watu wanaopita barabara ya Palma wakimwona juu ya kile kiti, ushungi umefungwa nyuma ya shingo usipeperuke, hupunguza mwendo wamtazame. Wengine humpigia honi. Yeye hawaitikii. Akiwa kazini anakuwa kama mtu anayesikiliza jambo ambalo wengine hatulisikii, na ukitaka akugeukie lazima umrushie kidongo.

Mimi si mtu wa mashine. Kazi yangu ni muhogo. Tunauchimba, tunaumenya, tunauanika juani mpaka unakauka na kuwa makopa, halafu nayatia magunia na kuyaweka ghalani hadi lipatikane gari la kwenda Palma au Mocímboa. Tangu utoto kazi nimeijua kwa mwili. Mgongo ukiuma, basi kazi imefanyika. Kitu kizito kikiinuka, yuko mtu chini yake anatoka jasho. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine.

Trekta lilikuja baada ya sisi kurudi kutoka ukimbizini, vita vilipotulia. Tulikuwa tumetawanyika, wengine Pemba, wengine Montepuez, wengine kwa ndugu wa ng'ambo ya Ruvuma, na tuliporudi nyasi zilikuwa zimeingia mpaka majikoni. Shamba langu nililitambua kwa mikorosho tu. Ofisi ya kilimo ya wilaya ikatuletea fundi wake, ambaye sote tulimwita tekniku, bwana mmoja mwembamba kutoka Inhambane, kusini kabisa. Kiswahili chake alikiokota sokoni. Sentensi ikimshinda katikati, huimalizia kwa Kireno na kutuangalia kama tumemwelewa. Ndiye aliyewafundisha watu kuendesha. Walijifunza wanaume kadhaa pamoja na wifi, lakini wanaume walipokwisha kujua kwenda mbele na kurudi nyuma waliridhika. Wifi hakuridhika. Alitaka kujua kila kitundu ni cha nini.

Mimi nililiona trekta kama ng'ombe mkubwa wa chuma. Linakokota jembe, linakokota haro lile la visahani la kuvunja madongo, linakokota tela. Basi.

Kisha ikaja siku ya mchanga. Tulikuwa tunatengeneza sakafu ya ghala, na wifi alikwenda kuleta mchanga mtoni kwa tela. Nilikuwa nimekwisha kuwaita wanawake waje na makoleo na ndoo, tukae foleni tushushe. Wifi akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akasimama, hakushuka. Akashika wenzo mdogo ulio pembeni mwa kiti chake, akausukuma kwa vidole viwili.

Tela likaanza kuinuka mbele. Hakuna aliyeligusa. Mchanga ule wote, uliojaa mpaka juu, ulipanda polepole kama mtu anayeamka usingizini, ukainama, ukakaa hivyo kidogo, halafu ukateremka wote kwa mara moja, shwaaa, mpaka miguuni petu. Mwanamke mmoja akaangusha koleo lake.

"Subhanallah," nikasema. "Nani anasukuma?"

Wifi alicheka, na ilikuwa nadra yeye kucheka akiwa juu ya trekta. "Mafuta."

"Dizeli?"

"Si dizeli. Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka nyuma ya trekta. Pale chini ya kiti, juu ya ndoano ya kukokotea, palikuwa na vitundu vinne vya chuma, viwili viwili, kila kimoja na kifuniko chake cha rangi. Kwenye kimoja ulikuwa umechomekwa mpira mweusi, mnene kama kidole gumba cha mwanamume, uliokwenda mpaka chini ya tela kwenye jeki, bomba la chuma linaloliinua.

"Ndani mna pampu," akasema. "Injini inaizungusha, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanakuja hapa nyuma yamejaa nguvu. Ukichomeka mpira, nguvu inakwenda unakotaka wewe. Leo nimechomeka tela. Kesho nachomeka haro, linajiinua juu ya magurudumu yake. Jeki ya haro ina mipira miwili, mmoja unapeleka mafuta na mwingine unayarudisha, kwa hiyo inasukuma na inavuta pia. Ukiwa na mashine ya kupasua kuni, unachomeka. Ya kutoboa ardhi, unachomeka. Wewe ulidhani trekta ni la kukokota tu?"

"Ndivyo nilivyodhani."

"Kukokota ni mbele ya mlango tu, wifi. Nyumba yenyewe ni hii."

Akanishika mkono, akauweka juu ya mpira. Ulikuwa na joto, na ndani yake kulikuwa na mtetemo mdogo sana, kama shingo ya mtoto mwenye homa. Niliuondoa mkono haraka. Sijui niliogopa nini. Nadhani niliogopa kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa kimya. Jiwe likianguka linapiga kelele, mti ukikatika unalia, lakini nguvu hii iliyoinua tela zima la mchanga ilikuwa inapita mkononi mwangu bila kusema neno.

Tangu siku hiyo nikawa namtazama akichomeka mipira. Kila mara hufuta kwanza kile kitundu kwa kitambaa safi, kisha hufuta kichwa cha mpira, kisha hukagua tena. Nchi yetu ni ya mchanga, na tekniku alikuwa amemwambia kwamba chembe moja ikiingia ndani inakwaruza kila inapopita. Nilikuwa namtania. "Vitundu hivyo unavisafisha kuliko unavyowaosha wanao."

"Wanangu wakichafuka hawaharibiki," alinijibu.

Mwaka huo mvua zilikuja na upepo mbaya. Hapa Mute haukuua mtu, lakini uling'oa mabati ya upande mmoja wa ghala na kuyatupa kwenye mikorosho, na mvua ikaingia ndani siku nzima na usiku wake. Ghala lile lilikuwa la zamani, la kabla ya sisi kukimbia. Kuta zake zilikuwa za matofali ya udongo yaliyopakwa saruji juu, na katikati ilipita boriti ya zege iliyobeba ukuta wa kugawa vyumba viwili. Kwa nje lilionekana imara. Ile saruji ilikuwa ngozi tu. Ndani yake udongo ulikunywa maji mpaka ukashiba.

Jua lilipotoka tena nikaingia kuokoa makopa. Magunia ya juu yalikuwa yameloa, ya chini bado makavu, na nilitaka kuyatoa yale makavu kabla hayajaoza pamoja na wenzake. Nilikuwa peke yangu. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya barabara, anasimamisha uzio ulioanguka. Nikaburuta gunia moja mpaka mlangoni, nikarudi kuchukua la pili. Niliinama. Nikasikia sauti kama mtu anayerarua kitambaa kizito.

Sikuona kitu kikianguka. Niliona tu kwamba mchana umekuwa vumbi, na nimelala chali, na siwezi kupumua. Kisha pumzi ikarudi na maumivu yakaja nayo. Ukuta wa katikati ulikuwa umeanguka pamoja na ule wa nyuma, na boriti imeshuka nao. Upande mmoja wa boriti ulikuwa bado umeng'ang'ania ukuta wa nje. Upande wa pili ulikuwa juu ya mguu wangu wa kulia, chini ya goti. Ungenikata kabisa, ila karibu na mguu wangu palikuwa na rundo la magunia ya makopa, na boriti ilikuwa imelala juu ya hayo pia. Makopa ndiyo yaliyokuwa yanaibeba.

Nikapiga kelele nikimwita mume wangu. Alikuja akikimbia, na majirani nyuma yake. Alipiga magoti mlangoni akaniona, na uso wake sitausahau, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeniuliza chakula kiko wapi.

"Mke wangu, usisogee. Tunakutoa sasa hivi."

Wakaleta mitaimbo na magogo. Wanaume wote waliokuwepo wakatia mitaimbo chini ya boriti, wakasema Bismillahi, wakainua. Boriti ikainuka kidogo, kisha mtaimbo mmoja ukateleza kwenye tope na boriti ikarudi chini. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Juu yangu kipande cha ukuta kikaanguka, kikapasuka kando ya kichwa changu. Mume wangu akawapigia kelele waache.

Wakaacha. Pakawa kimya. Na katika kimya kile ndipo nikasikia magunia. Makopa yalikuwa yanavunjika ndani yake, moja moja. Ta. Ta. Halafu kimya. Halafu ta. Kila sauti ile ilipokuja, uzito mguuni uliongezeka kidogo. Nikaelewa kwamba boriti haijamaliza kuanguka. Inaanguka bado, ila polepole.

Mtu mmoja alikuwa amekwisha kimbilia bondeni, ambako wifi alikuwa anapiga haro mashamba ya mpunga, na tekniku alikuwa naye siku hiyo. Wifi alikuja mbio kwa miguu. Aliingiza kichwa kwenye uwazi uliobaki, akatazama boriti, akatazama ukuta, akatazama magunia, na mimi akanitazama mwisho.

"Wifi, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Vidole vya mguu unavihisi?"

"Sivihisi."

Akatoa kichwa, akaondoka. Hakusema pole, hakusema subiri. Nilimsikia akisema kitu na tekniku huko nje, kisha hatua zao zikatoweka. Nililia kwa uchungu. Nilidhani ameona jambo halina tiba, na hakuwa na moyo wa kuniambia.

Mume wangu alibaki amenishika mkono kupitia uwazi. Tulisoma pamoja dua tulizoweza kusoma. Makopa yaliendelea kuvunjika.

Kisha nikasikia injini. Ilikuwa inakuja kwa nyuma ya ghala, upande ambao ukuta ulikuwa umebomoka mpaka chini. Ardhi chini ya mgongo wangu ikaanza kutetemeka, na udongo mwembamba ukawa unatiririka kutoka juu na kuniingia machoni.

"Zima!" mume wangu alipiga kelele. "Zima hiyo mashine, ukuta unakuja!"

"Nikizima, mafuta hayaendi," sauti ya wifi ilijibu kutoka juu ya kiti. Haikuwa na hasira. "Kaka, mfunike mkeo uso."

Mume wangu akavua shati lake akanifunika uso. Lakini nilitaka kuona. Nililisogeza kidogo kwa kidevu.

Trekta lilirudi kinyumenyume juu ya mabaki ya ukuta, tairi kubwa zikisaga matofali, mpaka nyuma yake ikaingia ndani ya ghala. Vile vitundu vinne vilikuwa karibu nami kuliko nilivyowahi kuviona. Tekniku akaingia akiwa amebeba kitu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Ilikuwa jeki ya haro. Walikuwa wamechomoa pini zake wakaing'oa kutoka kwenye haro lenyewe. Baadaye niliuliza kwa nini hawakuchukua ile ya tela, ambayo ina nguvu zaidi, na wifi akaniambia kwamba ile ni ndefu mno, isingesimama chini ya boriti. Hii ilikuwa fupi, kama urefu wa mkono wa mtu kutoka bega hadi vidole, na ilikuwa na mipira yake miwili.

Tekniku akalaza ubao mzito juu ya tope karibu na goti langu, akasimamisha jeki juu yake, akaweka kipande cha gogo kati ya jeki na boriti. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi upesi bila papara. "Calma, mamã," aliniambia. "Tulia. Hii ina nguvu. Hii si watu, haichoki."

Wifi alishuka. Nikamwona ameinama nyuma ya trekta, na hata pale, mimi nikiwa chini ya zege, alitoa kitambaa chake akafuta vitundu. Akafuta vichwa vya mipira. Mume wangu alifungua kinywa amkaripie, kisha akakifunga. Mpira wa kwanza ukaingia, klaki. Wa pili, klaki. Akapanda tena kitini. Kutoka kule juu hakuweza kuniona mimi wala jeki. Aliona mgongo wa tekniku tu. Tekniku akainua mkono.

"Vamos," akasema. "Devagar. Taratibu, taratibu sana."

Injini ikaguna kwa uzito, na hakuna kilichotokea. Jeki haikutikisika. "Ao contrário!" tekniku akapiga kelele, akigeuza kiganja chake kuonyesha upande wa pili. Wifi akaurudisha wenzo, kisha akausukuma kuelekea upande mwingine.

Na hapo nikaiona. Kutoka ndani ya lile bomba jeusi lililojaa tope ilianza kutoka fimbo ya chuma. Iling'aa kama kioo. Katika ghala lile kila kitu kilikuwa kimechafuka, mimi, kuta, watu, magunia, lakini fimbo ile ilitoka safi kana kwamba inatoka dunia nyingine. Haikuruka wala haikuharakisha. Ilitoka kama ncha ya mwezi mpya inavyozidi, hata hujui ni wakati gani imeongezeka, unajua tu kwamba sasa ni kubwa kuliko ilivyokuwa. Ikagusa gogo. Gogo likalia. Nilingoja isimame, kwa sababu wanaume wote wale walikuwa wamesimama hapo hapo, mishipa ya shingo imewatoka, na boriti ikawashinda. Fimbo haikusimama. Hata mwendo wake haukubadilika. Ilikutana na uzito uleule na kuendelea kama haijaona kitu.

Makopa yakanyamaza.

Sijui kama nitaweza kueleza nilichohisi. Nilikuwa katika maumivu, na nilikuwa na hofu, lakini juu ya hayo yote niliduwaa. Nilisahau mguu. Nilikuwa naitazama ile nguvu kwa karibu kuliko mtu yeyote pale, na nilijua inatoka wapi. Ilitoka kwenye vidole viwili vya wifi yangu, ikapita kwenye mpira mwembamba kama kidole, na ilikuwa inanyanyua nyumba kutoka mwilini mwangu. Midomo yangu ilikuwa inasema Allahu Akbar bila mimi kuiamuru.

"Jaza!" tekniku akasema. Mume wangu akasukuma vipande vya mbao chini ya boriti, kando ya jeki. Fimbo ikatoka tena kidogo. "Jaza." Vipande vingine. Walikuwa wanainua kidogo na kujaza kidogo, ili mpira ukipasuka boriti ikute kitu cha kukalia kisichokuwa mimi.

Nilikuwa nimeanza kuona nafasi kati ya zege na mguu wangu, nyembamba kama ukingo wa sahani, jua lilipoingia kupitia paa lililong'oka na kumulika mpira mmoja. Pale kwenye mpira, karibu na kichwa chake, palikuwa na ukungu. Ukungu mdogo tu, mzuri kuutazama, unaotawanyika kama manukato. Mume wangu naye akauona. Akanyoosha mkono auzibe.

"Usiguse!" tekniku alipiga kelele, akamsukuma kifuani kwa nguvu mpaka mume wangu akaanguka juu ya magunia.

Wifi akasimamisha wenzo palepale. Fimbo ikatulia ilipokuwa. Mume wangu alimtazama tekniku kwa mshangao. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akipaza sauti vile.

"Mpira unavuja?" wifi aliuliza kutoka juu.

"Unavuja. Kidogo."

"Nimalize?"

Tekniku alitazama mbao zilizokwisha jazwa, akatazama mguu wangu. "Malizia kidogo. Kidogo tu. Kila mtu akae mbali na mpira."

Fimbo ikatoka tena. Ukungu ukaongezeka, ukanuka mafuta ya moto. Ukingo wa sahani ukawa ukingo wa bakuli, na mume wangu akanishika kwapani akanivuta, na mguu wangu ukatoka ukiburutika kama kitu cha mtu mwingine. Wakanibeba nje. Ukuta wa nje ulisimama mpaka wifi alipolitoa trekta, na baada ya hapo wanaume wenyewe wakausukuma ukaanguka, kwa sababu hakuna aliyetaka kuuona umesimama.

Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, lakini mguu ulikuwa hai. Walinipeleka hospitali ya Palma kwa gari la mpita njia, nikafungwa plasta, na baada ya siku chache vidole vikaanza kunichoma kama nimekanyaga siafu. Nilifurahi sana kwa mchomo ule. Kila asubuhi nilivitikisa mbele ya muuguzi kama mtoto anayeonyesha meno mapya.

Nilipokuwa bado nimelala nyumbani na mguu juu ya mto, tekniku alikuja kunijulia hali pamoja na wifi. Mume wangu alimkaribisha vizuri, lakini nilimjua. Lile suala la kusukumwa lilikuwa bado kooni mwake. Tekniku naye alilijua. Alipomaliza chai alimwambia mume wangu, "Kaka, nilikusukuma. Samahani. Nikuonyeshe kwa nini?"

Walitoka nje hadi kwenye trekta, na mimi nikajiburuta mpaka mlangoni nione. Wifi alichomeka ule mpira mbovu mara ya mwisho kabla hajautupa, akawasha injini, akasukuma wenzo mpaka ukungu ukatokea tena. Tekniku alikuwa amefunga kipande cha boksi gumu kwenye fimbo ndefu. Akakisogeza karibu na ule ukungu. Boksi likakatika. Halikuloa kwanza, halikulegea. Lilikatika mstari mmoja safi, kama kwa wembe.

Mume wangu alitazama kiganja chake cha mkono wa kulia. Akakigeuza, akakitazama upande wa pili.

"Mafuta yangeingia ndani," tekniku akasema taratibu, akitafuta maneno. "Ndani ya nyama. Tundu huwezi kuliona, dogo sana. Halafu mkono wanakata."

Mume wangu aliingia ndani, akatoka na mkungu wa ndizi tuliokuwa tumeutunza, akamkabidhi tekniku mikononi. Kisha akakaa chini kwenye baraza karibu nami. Akaniambia, "Kitu kilekile."

"Kitu gani?"

"Kilichokutoa wewe ndicho kingenikata mimi."

Nilimwambia ndiyo. Tulibaki tunalitazama trekta lililosimama chini ya jua, na kuku wanapita katikati ya magurudumu yake.

Plasta ilipotolewa, nilikuwa natembea kwa fimbo, na chama kilikuwa kimeamua kujenga ghala jipya. Safari hii tulikataa zege. Tulitaka nguzo na mabati, jengo ambalo likianguka halimuui mtu. Nguzo zinataka mashimo marefu, na ardhi ya pale chini ya udongo wa juu ni ngumu kama chungu kilichochomwa. Zamani shimo moja lilikuwa kazi ya asubuhi nzima kwa wanaume wawili na mtaimbo. Wenzetu wa chama cha Diaca wakatuazima kitu ambacho sikuwa nimekiona: keekee la chuma, refu kama mtu, limejikunja kama parafujo, na juu yake mota ya kulizungusha. Mota ile haikuwa na waya wala tangi. Ilikuwa na mipira miwili.

Wifi alilifunga nyuma ya trekta. Kitambaa kikatoka, vitundu vikafutwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kivulini, nikitegemea kutazama tu, aliponiita.

"Wifi, panda."

"Mimi?"

"Panda. Gia sitakupa. Utashika wenzo tu."

Wanawake walicheka. Mume wangu alikuja kunisaidia kupanda kwa sababu ya mguu, na nilipokaa nikashangaa jinsi kiti kile kilivyo juu. Nilikiona kijiji chote, mabati mapya ya watu waliorudi, moshi wa majikoni, barabara mpaka inapopinda. Wifi alisimama pembeni yangu juu ya kikanyagio. Aliteremsha keekee mpaka ncha yake ikagusa alama iliyowekwa chini, akanionyesha wenzo.

"Sukuma mbele. Kama unasukuma kikombe mezani."

Nikaweka vidole vyangu. Nilivitazama. Ni vidole vya kumenya muhogo, vina makovu ya visu. Nikasema Bismillahi, nikasukuma.

Keekee likazunguka. Nilihisi injini ikiinama kidogo chini yangu, kama mtu anayepokea mzigo, kisha ikajiweka sawa. Chuma kikaingia ardhini. Udongo mweusi wa juu ulipanda ukamwagika pembeni, ukafuatiwa na mwekundu, na mwekundu ulipokwisha ulikuja udongo wa rangi ambayo sijawahi kuiona pale, wa njano iliyopauka, wenye unyevu, unaonuka kama kisima. Nimelima kijiji kile tangu utoto na sikuwahi kujua kwamba tunaishi juu ya udongo wa namna hiyo. Wanawake walisogea. Mmoja akachota kiganjani, akaunusa, akampa mwenzake.

Keekee likazama hadi mota ikawa karibu na ardhi. Wifi akaniambia nisimamishe, na nikasimamisha, na likasimama. Akaniambia nivute nyuma kidogo lijilegeze, na likajilegeza. Mgongo, mabega, mikono, hakuna sehemu iliyokuwa imechoka. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Wifi akaliinua keekee, na pale chini pakabaki shimo la duara, lenye kuta laini, jeusi, kina chake kinafika kifuani mwa mtu.

Mume wangu alipiga magoti ukingoni akaingiza mkono wake wa kulia mpaka begani. "Chini kuna baridi," akasema.

Nilitazama alama zilizobaki, zimepangwa kwenye mstari mpaka kwenye mikorosho.

"Wifi," nikasema, "sogeza trekta."